Sanamu ya kisa cha Kasongo yaendelea kusimama ufukweni Ubelgiji

Kutoka Lusangi, kwenye njia ya kati ya Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, hadi mji wa Blankenberge kwenye Bahari ya Kaskazini ni safari ya maelfu ya kilomita. Lakini kisa kilichotokea Kasongo mwezi Desemba 1892 kimewekwa kwenye shaba huko Blankenberge, kando ya barabara ya ufukweni ambako Wabelgiji hutembea jioni za kiangazi na watoto wao. Sanamu hiyo ni ya watu wawili, Luteni Joseph Lippens na Sajini Henri De Bruyne. Wote wawili waliuawa Kasongo. Aliyewachonga ni Guillaume Charlier, mmoja wa wachongaji waliojulikana sana Ubelgiji wakati huo, na sanamu ilizinduliwa mwaka 1900.

Imepita zaidi ya miaka 120. Katika muda huo Kongo imekuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, kisha koloni la Ubelgiji, kisha nchi huru iliyobadilishwa jina zaidi ya mara moja. Sanamu nyingine nyingi za enzi hiyo zimeangushwa, zimefunikwa au zimefungiwa stoo. Hii ya Kasongo haijawahi kugombaniwa kama zile za Leopold, na huenda sababu kubwa ni kwamba haimwonyeshi mfalme. Inawaonyesha vijana wawili waliokufa mbali na kwao, na ni vigumu kumchukia kijana aliyekufa.

Mjadala ulianzia vyuoni

Mjadala wa sasa kuhusu sanamu za wakoloni haukuanzia Kongo wala Ubelgiji. Ulianzia kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Hapo ilikuwepo sanamu kubwa ya shaba ya Cecil Rhodes, iliyochongwa na Marion Walgate na kuzinduliwa mwaka 1934. Rhodes alikuwa ameketi, akitazama mji chini yake. Kwa miaka mingi wanafunzi walipita mbele yake wakienda darasani. Machi 9, 2015 mwanafunzi mmoja aliimwagia sanamu hiyo kinyesi, na mwezi mmoja baadaye, Aprili 9, winchi iliinyanyua mbele ya umati na kuipeleka stoo.

Kutoka hapo moto ukasambaa. Kwenye kampasi ya Legon ya Chuo Kikuu cha Ghana, wahadhiri na wanafunzi walidai kuondolewa kwa sanamu ya Mahatma Gandhi iliyokuwa imewekwa mwaka 2016, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kuhusu Waafrika alipokuwa kijana Afrika Kusini. Iliondolewa Desemba 2018. Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi huko Minneapolis, Marekani, na maandamano yakafika hadi Brussels. Juni mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mons na Chuo Kikuu cha Leuven, vyote vya Ubelgiji, viliondoa sanamu za kichwa na mabega za Leopold wa Pili zilizokuwa ndani ya majengo yao. Huko Mons madai yalianza na ombi la mwanafunzi lililotiwa saini na watu kwa maelfu mtandaoni.

Si ajabu kwamba mambo haya huanzia vyuoni. Sanamu ya barabarani mtu anaweza kuipita bila kuinua macho. Ya chuoni inasimama mahali ambapo watu wamelipia ada ili waambiwe ukweli, na mwanafunzi akitoka kwenye somo la historia akakutana na sanamu inayosema kinyume, lazima mmoja wao ajibu. Blankenberge si mji wa chuo kikuu. Ni mji wa kuogelea baharini, na sanamu yake haijapata wanafunzi wa kuihoji kila asubuhi.

Kilichotokea Kasongo

Mwaka 1892 Kasongo ulikuwa mji mkuu wa biashara wa Maniema. Aliyeujenga kuwa hivyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefika Lualaba kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Februari 1887, huko Zanzibar, alitia saini mkataba na watu wa Leopold: yeye awe liwali wa Dola Huru ya Kongo katika eneo la Stanley Falls, kwa mshahara. Mwaka 1890 aliondoka Maniema kurudi Zanzibar, akamwacha mwanawe Sefu kusimamia mambo ya Kasongo.

Kwa hiyo Lippens hakufika Kasongo kama askari wa kuuvamia. Alikuwa mwakilishi wa dola katika mji wa mshirika wa dola, na De Bruyne alikuwa msaidizi wake. Waliishi humo kwa ridhaa ya wenyeji wao. Jambo hili mara nyingi hupotea katika simulizi za kishujaa.

Urafiki uliharibiwa na pembe. Septemba 1891 Leopold alitoa amri ya siri kwamba pembe za ndovu na mpira wa maeneo makubwa ya Kongo ni mali ya dola. Wafanyabiashara wa Lualaba, waliokuwa wakiziuza pembe hizo upande wa mashariki hadi pwani, walijikuta wanaitwa wezi wa mali waliyoizoea kuwa yao. Mei 1892 msafara wa kibiashara wa Arthur Hodister ulishambuliwa katika Lualaba, naye akauawa. Kisha Ngongo Lutete, mtawala wa Ngandu kwenye mto Lomami aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kwa miaka mingi, aliposhindwa vitani na Francis Dhanis akahamia upande wa dola na maelfu ya wapiganaji wake. Sefu alidai arudishiwe Ngongo. Dola ikakataa. Tangu hapo Lippens na De Bruyne wakawa mateka.

Novemba mwaka huo Sefu alikwenda na jeshi lake hadi Lomami na kumchukua De Bruyne ili atumike katika mazungumzo. Hapo ndipo kilipotokea kitendo kilichomfanya sajini huyo apate sanamu. Alisimama ukingo mmoja wa mto, na Mbelgiji mwenzake, Luteni Scheerlinck, akasimama ukingo wa pili. Wakazungumza Kiflemi, lugha ambayo walinzi hawakuielewa. Scheerlinck alimwambia ajitupe majini aogelee, wenye bunduki wangemkinga. De Bruyne alikataa. Lippens alikuwa bado Kasongo, na kama msaidizi wake angetoroka, bosi angeuawa. Akarudi na walinzi wake. Alikuwa hajafikisha miaka 25, na mji wake wa kuzaliwa ulikuwa Blankenberge.

Novemba 23 jeshi la Sefu lilishindwa kwenye Lomami, na wengi walizama walipokuwa wakikimbia. Habari zilipofika Kasongo, Sefu mwenyewe akiwa hayupo, kundi la watu liliwaua Wabelgiji hao wawili mwanzoni mwa Desemba. Taarifa za Wazungu wa wakati huo zinasema mikono yao ilikatwa na kupelekwa kwa Sefu kama uthibitisho.

Uamuzi wa De Bruyne pale mtoni ulikuwa wa kiungwana, na hakuna haja ya kuupunguza. Mtu aliyekataa kumwacha mwenzake afe anastahili kukumbukwa na watu wa kwao. Tatizo linaanza pale kifo chake kinapofanywa ushahidi wa jambo jingine.

Vita vilivyofuata

Vifo vya wawili hao vilikuwa zawadi kwa wapiga propaganda wa Leopold. Tangu mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka 1889 na 1890 mataifa makubwa yalikaa Brussels kuijadili. Leopold alihitaji vita yake ya Lualaba ionekane kuwa vita ya kuwakomboa watumwa, wala si ugomvi wa pembe. Sajini wa Kiflemi aliyekufa kwa uaminifu mikononi mwa wale walioitwa Waarabu alifaa kabisa.

Dhanis aliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, na Aprili 22 akaingia Kasongo. Daktari Mwingereza aliyekuwa kwenye jeshi lake, Sidney Hinde, aliandika kitabu mwaka 1897 na ndani yake anaeleza kwa mshangao waliyoyakuta: magodoro ya hariri, vitanda vya nakshi, mishumaa, sukari, vyombo vya fedha, bustani za machungwa, mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho. Askari wa kawaida walilala juu ya hariri, anasema. Kuhusu Nyangwe anasimulia kwamba mji uliokuwa na maelfu ya watu ulibaki karibu si kitu katika muda wa majuma machache. Oktoba 1893 Sefu alikufa kwa majeraha ya vita kwenye mto Luama. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na njia yote kutoka Kasongo hadi Ziwa Tanganyika, pamoja na vijiji vyake, ikawa chini ya dola.

Waliopigana vita hivyo kwa idadi kubwa hawakuwa Wabelgiji wala Waarabu. Jeshi la dola, Force Publique, lilikuwa na maofisa wachache wa Kizungu na askari Waafrika, wengine wao watumwa waliokuwa wamenunuliwa au kutekwa kisha wakaandikishwa jeshini kwa jina la watu waliokombolewa. Pamoja nao walikuwa wapiganaji wa Ngongo Lutete, Watetela na Wakusu. Upande wa Sefu walikuwa waungwana wachache wa pwani na umati wa Wamaniema waliosilimu, waliojifunza Kiswahili na kushika bunduki. Ni watu wa nchi moja waliouana kwenye Lomami, Lualaba na Luama.

Ngongo Lutete mwenyewe hakupata shukrani. Septemba 15, 1893 maofisa wa dola walimtuhumu kwa uhaini, wakamhukumu haraka haraka na kumpiga risasi Ngandu. Miaka miwili baadaye askari waliokuwa wake waliasi Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, na moja ya sababu zao ilikuwa damu ya bwana wao. Mtu huyo aliyeigeuza vita kwa faida ya Ubelgiji hakuchongewa shaba.

Mkono uliokatwa Ostend

Ukipanda tramu ya pwani kutoka Blankenberge kuelekea kusini magharibi, baada ya kilomita kama 20 unafika Ostend. Hapo kuna mnara mkubwa wa Leopold akiwa juu ya farasi, uliozinduliwa mwaka 1931. Upande mmoja wa mfalme wapo wavuvi wa mji wakimshukuru. Upande wa pili wapo Wakongo wakimshukuru, na maandishi yanaeleza sababu: amewakomboa kutoka utumwa wa Waarabu. Yaani vita ile ile ya Kasongo, safari hii ikisimuliwa kwa niaba ya watu wa Kasongo bila wao kuulizwa.

Mwaka 2004 kikundi cha wanaharakati kilikwenda usiku kikaukata kwa msumeno mkono wa mmoja wa Wakongo hao wa shaba. Ilikuwa kumbukumbu ya mikono iliyokatwa wakati wa kulazimishwa kuvuna mpira. Wakasema wataurudisha mkono huo siku mji utakapoweka maelezo ya kweli kuhusu utawala wa Leopold. Kwa muda mrefu watalii waliendelea kupiga picha mbele ya Mkongo mwenye mkono mmoja, wengi bila kutambua.

Brussels nako, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara wa mawe wa Thomas Vinçotte wa mwaka 1921 unaowasifu waliotangulia Kongo. Sehemu moja inatamka kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Mita chache kutoka hapo upo Msikiti Mkuu wa Brussels. Kutokana na malalamiko, neno "Mwarabu" lilichongwa likafutika, likarudishwa, kisha likafutwa tena. Huo ni mfano mzuri wa namna ya kukwepa mambo. Neno moja likiondolewa kwenye jiwe, uongo wote unaozunguka neno hilo hubaki salama.

Nyangwe nayo isisahauliwe

Katika mijadala ya namna hii huwa rahisi kuvuka upande wa pili na kumfanya Tippu Tip au Sefu shujaa wa kupinga ukoloni. Historia ya Maniema haimruhusu mtu kufanya hivyo kwa raha.

David Livingstone alikaa muda mrefu Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kati ya mwaka 1869 na 1871. Baadaye alikuwa Nyangwe. Asubuhi ya Julai 15, 1871 aliona watu wa misafara wakifyatua bunduki katikati ya soko lenye watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu na mihogo. Waliokimbilia mtoni walizama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ni Livingstone aliyeiandika siku hiyo, na habari zake zilisaidia kumbana Sultani wa Zanzibar afunge soko la watumwa mwaka 1873.

Anayetaka kuijibu sanamu ya Blankenberge kwa sanamu ya Sefu kule Kasongo, basi naye ana kazi ya kuwaeleza wajukuu wa wanawake wale wa sokoni. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho kinasomwa hadi leo. Nyumba yake bado inaonyeshwa kwa watalii Mji Mkongwe, Zanzibar, alikofia Juni 1905. De Bruyne akapata shaba. Mwanamke wa Nyangwe aliyeacha chungu chake sokoni hakupata kitu, ingawa ndiye ambaye pande zote mbili zilidai kumtawala kwa faida yake.

Hata hivyo, mji wa Kasongo haukuacha majonzi peke yake. Kiswahili kilichofika na misafara ndicho leo lugha ya masoko, redio na shule za mashariki mwa Kongo, moja ya lugha nne za taifa. Mpunga ulioenea Maniema nyakati hizo bado ni chakula na biashara ya jimbo. Uislamu nao ulibaki, na Maniema ndilo jimbo linalotajwa kuwa na Waislamu wengi zaidi nchini ukilinganisha na idadi ya watu wake. Mzee wa Lusangi anayeswali na kuzungumza Kiswahili ni mrithi wa historia hiyo, pamoja na uchungu wake, na hawezi kuikata vipande viwili achukue kinachompendeza.

Shaba na bati

Kuna jambo dogo ambalo watu wa Maniema wangelitambua haraka kuliko Mbelgiji. Sanamu hizi huitwa za shaba, lakini si shaba tupu. Ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, ndiyo maana inakuwa ngumu na kudumu kwenye upepo wa chumvi. Katanga, iliyowahi kuitwa jimbo la Shaba kwa zaidi ya miaka 20 wakati wa Mobutu, inajulikana duniani kwa madini ya kwanza. Maniema, na hasa Kalima, inajulikana kwa ya pili. Sanamu ya Blankenberge ya mwaka 1900 haikuweza kutengenezwa kwa madini hayo, kwa kuwa shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa mwaka 1911 na migodi ya bati ya Maniema ilifunguliwa baadaye. Lakini baada ya hapo, kwa nusu karne, viwanda vya Ubelgiji vililishwa kutoka majimbo hayo mawili. Ile hoja kwamba walikwenda kukomboa watumwa peke yake inakuwa ngumu kuisema mbele ya mchimbaji wa Kalima.

Kongo yenyewe imejaribu njia mbalimbali. Mobutu aliziondoa sanamu za Leopold, Albert wa Kwanza na Henry Morton Stanley kwenye barabara za Kinshasa. Stanley, kazi ya shaba ya Arthur Dupagne, aling'olewa akabaki amelazwa chini kwa miaka mingi, miguu imekatika kwenye vifundo. Baadaye alikarabatiwa na sasa yuko kwenye bustani ya makumbusho ya Mont Ngaliema. Februari 2005 waziri wa utamaduni wa wakati huo, Christophe Muzungu, aliirudisha sanamu ya Leopold katikati ya Kinshasa akisema watu wanapaswa kuikumbuka historia yao, mabaya na mazuri. Haikumaliza hata siku moja. Iliondolewa baada ya saa chache, na watu wa Kinshasa wakapata la kuchekea.

Ubelgiji nako mambo yamekwenda nusu nusu. Juni 30, 2020, siku ya miaka 60 ya uhuru wa Kongo, Mfalme Philippe alimwandikia Rais Félix Tshisekedi akieleza majuto makubwa kwa majeraha ya zamani. Majuto, si msamaha. Bunge likaunda kamati maalumu ya kuchunguza enzi za ukoloni. Kamati hiyo ilimaliza kazi Desemba 2022 bila wabunge kukubaliana kuhusu neno la kuomba radhi, kwa hofu kwamba neno hilo lingeleta madai ya fidia.

Kwenye Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2018, msanii Mkongo Freddy Tsimba aliweka kazi yake kwenye madirisha yanayoukabili ukuta huo. Jua likipita, vivuli vya majina ya Wakongo 7 huangukia juu ya majina yale 1,508. Saba hao walikufa Tervuren mwaka 1897, walipopelekwa kuonyeshwa kwa umma kwenye vijiji vya bandia vilivyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya Leopold. Katika nchi ile ni mahali pachache ambapo waliofia huko na waliofia huku wanasomeka kwa mara moja, na ilifanyika bila kung'oa kitu.

Kwa waliokufa Kasongo, Nyangwe na kwenye Luama hakuna orodha ya majina ambayo msanii angeweza kuipitishia jua. Kinachopatikana ni ardhi na masimulizi. Mji wa sasa wa Kasongo haupo mahali ulipokuwa mji wa Sefu. Wabelgiji waliuhamisha baada ya vita, na pale pa zamani paliitwa Kasongo Tongoni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana: tongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Watu wa huko waliuchagulia mji wao uliokufa jina linaloeleza hali yake, bila kumtaja aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Ni hapo Tongoni ambapo wanaakiolojia na wanahistoria kutoka Kongo na Ubelgiji wamekuwa wakifanya kazi katika miaka ya karibuni, wakichimba, wakipima mabaki ya makazi na kuwasikiliza wazee wa Maniema wakisimulia walichoambiwa na babu zao. Sehemu ya matokeo yao ilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity la Uingereza, mwaka ule ule Leuven na Mons zilipokuwa zikibeba sanamu zao kuzipeleka stoo. Maniema ina vyuo vikuu vyake, kikiwemo cha Kindu, ambavyo masimulizi hayo yangeweza kufundishwa kwa lugha yaliyosimuliwa. Wazee wenyewe hawasubiri. Huko Tongoni bado wanaweza kuonyesha mahali ilipokuwa njia ya kwenda Kabambare.